Mtutu Uulizwe Kwanza

Mjukuu wangu, keti hapo nikwambie. Nitasema polepole na nitasema yote, maana pumzi ya kurudia maneno imenipungukia. Umeniletea pakiti ya risasi ulizonunua Nairobi kwa ajili ya bunduki ya marehemu baba yako, ukaniambia kwa furaha kwamba ndizo kali kuliko zote zilizokuwa dukani, kwamba zinafika mita 150 na kuweka tundu juu ya tundu. Sibishi. Ziko bunduki ambazo risasi hizi hufanya hivyo. Bunduki ya baba yako haimo kati ya hizo, na aliyekuuzia bila kukuuliza swali hata moja kuhusu mtutu wako hakukutendea haki.

Cheti umekipata, nakupa hongera. Najua ulivyohangaika: kituo cha polisi, alama za vidole, mahojiano, Bodi ya Leseni za Silaha, kisha kusubiri. Lakini cheti kinasema tu kwamba serikali imekubali uwe na bunduki. Hakisemi kwamba unaijua. Kukufundisha kuijua ilikuwa kazi ya baba yako, naye Mungu alimwita mapema. Nimebaki mimi guka yako, na nimechoka, lakini siwezi kunyamaza nikikuona unabeba hatari mkononi ukidhani ni kinga.

Weka pakiti kando. Tuanze na mtutu.

Ifungue bunduki. Hakikisha vyumba vyote viwili havina kitu; tazama kwa macho, kisha pitisha kidole, hata kama mimi mwenyewe nimekwambia ni tupu. Elekeza mitutu dirishani uchungulie kutoka nyuma. Unachokiona ni ukuta laini unaong'aa mwanzo hadi mwisho, hauna alama hata moja. Huo ndio mtutu laini, mtutu wa bunduki ya marisau. Raifali niliyoibeba miaka yangu ya uaskari wa wanyamapori ungeichungulia hivyo ungeona kitu kingine: mifereji myembamba iliyochongwa ndani ya chuma, inajipinda kutoka chumba cha risasi hadi mdomoni. Hiyo ndiyo michirizi. Risasi ya raifali ni nene kidogo kuliko njia yake. Baruti inapowaka, risasi inasukumwa ndani ya njia hiyo kwa nguvu, michirizi inaiuma, nayo haina budi kuifuata inavyojipinda. Inatoka mdomoni ikizunguka.

Ulicheza pia ukiwa mdogo, hapo hapo uani. Pia isiyozungushwa huanguka papo hapo. Iliyozungushwa husimama juu ya ncha yake. Risasi nayo ni hivyo. Risasi ndefu isiyozunguka hupinduka hewani, ikaenda kiubavu, ikashika njia ambayo hakuna aliyeikusudia. Inayozunguka hushikilia pua yake mbele mpaka mwisho wa safari. Na mzunguko huo si wa mchezo. Mitutu ya shotgani iliyochongwa michirizi huizungusha risasi mara moja kwa kila sentimita 70 hadi 90 za mwendo. Ikitoka kwa kasi ya mita 450 kwa sekunde, piga hesabu mwenyewe: inazunguka mara 500 au zaidi kwa sekunde moja.

Utaniuliza, basi kwa nini mtutu wa baba yako haukuchongwa? Kwa sababu uliundwa kwa marisau. Katriji moja ya marisau ya ndege ina chembe mia kadhaa. Zikipitishwa pamoja kwenye michirizi nazo huzungushwa, na zikitoka tu mdomoni hutawanyika pembeni, katikati pakabaki tupu. Kanga akisimama hapo katikati ataondoka mzima. Mtutu laini huzitoa chembe hizo zikiwa zimeshikana. Ni mtutu mzuri, tena mzuri sana, kwa kazi yake, wala usiuonee haya mbele ya wenzako wenye vitu vipya.

Kutupa risasi moja nzito kutoka mtutu laini, hiyo mnayoiita slagi, ni shida iliyowasumbua watu karne nyingi. Njia ya zamani ilikuwa tufe la madini ya risasi, dogo kuliko mtutu, linagonga kuta huku na huku njiani, na mwelekeo wake wa mwisho hutegemea ukuta uliogongwa mwisho. Mwaka 1898 Mjerumani Wilhelm Brenneke alipata jibu bora: risasi nzito iliyofungiwa nyuma yake kizibo chepesi ambacho hakibanduki. Uzito uko mbele, wepesi uko nyuma, basi hewa yenyewe inainyoosha ikiwa safarini. Mwaka 1931 Mmarekani Karl Foster akaja na yake: risasi laini iliyochimbwa kwa nyuma ikabaki na shimo, pua nzito, mkia mtupu. Hewa huinyoosha kwa sababu ile ile. Kampuni ya Winchester iliichukua na kuiuza muongo huo huo.

Slagi hizi zote mbili zina mbavu za mshazari ubavuni, na hapo ndipo vijana wengi hupotea. Huziona mbavu wakadhani ndizo zinazoizungusha risasi, kwamba wamepata raifali kwa njia ya mkato. Huizungusha kidogo sana. Kazi yake kubwa ni kuyapa madini nafasi ya kubonyea pale risasi inapopita kwenye mbano wa mdomo wa mtutu. Kinachoifanya iende sawa ni uzito wa mbele. Kwa hiyo usimwamini mtu akikwambia kwamba slagi yenye mbavu imeugeuza mtutu wako ukawa wa michirizi. Mtutu haugeuki.

Sasa fungua pakiti yako. Tazama mdomo wa katriji: unaona kikombe cha plastiki kimeikumbatia risasi nyembamba, iliyochongoka? Hicho huitwa saboti. Kikombe ndicho kinachojaza mtutu. Katika mtutu wa michirizi, plastiki hiyo huumwa na kuzungushwa, risasi iliyomo ikazunguka nayo. Vikitoka mdomoni hewa inakifungua kikombe, kinaanguka, na risasi inaendelea peke yake ikizunguka vizuri. Hizo ndizo mita 150 ulizoambiwa. Katika mtutu laini hakuna cha kuiuma plastiki. Kikombe kinateleza moja kwa moja, kinatoka bila mzunguko, kinafunguka vibaya, na ile risasi nyembamba, ambayo haikupewa pua nzito wala mkia mwepesi kwa kuwa mtengenezaji alitegemea michirizi, inaanza kupinduka. Mita 50 tu na hujui iko wapi. Umelipa bei kubwa zaidi ili upate risasi isiyokutii.

Na kinyume chake pia ukijue, maana siku moja unaweza kumshauri mwenzako. Slagi ya Foster ni laini mno. Ukiipitisha kwenye mtutu wa michirizi, madini yake hujipaka ndani ya mifereji, mifereji ikajaa, na kila risasi inayofuata inakuwa mbaya kuliko iliyotangulia mpaka mwenyewe akae na brashi jioni nzima. Kila mtutu na chakula chake: laini upewe Foster au Brenneke, wa michirizi upewe saboti.

Jambo la mbano ni fupi lakini usilipuuze. Mitutu miwili ya bunduki hii hailingani midomoni. Ndivyo zilivyo bunduki nyingi za mitutu pacha: wa kulia una mbano mdogo au hauna kabisa, wa kushoto umebanwa zaidi ili marisau yaende mbali yakiwa pamoja. Slagi ipite kwenye mtutu ulio wazi zaidi. Mbano mkali huiponda risasi ikitoka na kuiharibia njia, na mtutu wa zamani hauhitaji kuteswa hivyo.

Jambo la urefu wa chumba ndilo linaloninyima usingizi. Bunduki nyingi za Kiingereza zilizobaki katika nyanda zetu za juu zilitengenezwa kwa katriji za milimita 65. Katriji za leo nyingi ni za milimita 70, na nyingine 76. Sasa sikiliza vizuri, maana huu ndio mtego: katriji ndefu inaingia. Inaingia na bunduki inafunga bila tatizo, kwa sababu urefu unaoandikwa ni wa katriji iliyokwisha kufunguka baada ya kupigwa, na kabla ya hapo mdomo wake umekunjwa. Ukifyatua, mkunjo unafunguka, haupati nafasi, unaziba njia ambayo risasi inatakiwa kupita, na mgandamizo unapanda ndani ya chuma kilichotengenezwa kabla mimi sijazaliwa. Huenda bunduki ikavumilia mara ya kwanza na ya pili. Chini ya mitutu, ukiitoa kwenye mti wake, kuna alama zilizogongwa na wakaguzi wa Uingereza. Zinaeleza chumba ni cha urefu gani na bunduki ilipimwa kwa nguvu gani. Usizisome kwa kubahatisha. Mpelekee fundi mwenye leseni azisome na apime chumba kwa kipimo.

Naona unafikiri guka anaogopa mno. Usidhani haya ni mambo ya walowezi na vilabu vyao. Mstari kati ya mtutu laini na mtutu wa michirizi ulichorwa juu ya bara hili kwa wino, na watu wetu waliulipa kwa damu.

Katika karne ya 19 bunduki zilipita Zanzibar kwenda bara kwa maelfu, nyingi zikiwa kuukuu zilizoachwa na majeshi ya Ulaya, zenye mitutu laini. Kisha tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba uliosemwa ni wa kukomesha biashara ya watumwa. Biashara ile ilikuwa laana, na kuikomesha ni jambo la haki. Lakini ndani ya mkataba mna vifungu vya silaha. Katika Afrika yote kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, kuingiza bunduki kulipigwa marufuku, hasa raifali na silaha zilizoboreshwa. Kilichoweza kuruhusiwa kuuziwa wenyeji ni bunduki ya gumegume isiyo na michirizi, na baruti ya kawaida ya biashara. Raifali zikabaki kwa majeshi ya dola, kwa msafiri aliyejieleza na kwa mtu aliyeonekana kuaminika.

Hebu litafakari hilo. Hawakusema Mwafrika asiwe na bunduki kabisa. Walisema asiwe na michirizi. Mtu wa gumegume ilimbidi asogee hadi hatua hamsini ndipo awe na matumaini ya kupiga alichokilenga, na hapo mwenye raifali alikuwa amempata tangu mita mia mbili au tatu. Waliotia sahihi waliijua fizikia hii ninayokufundisha leo, na waliitumia kugawa bara. Miaka michache baadaye misafara yenye raifali ikafika kwenye miteremko hii yetu.

Tena ikaja Hali ya Hatari ya wakoloni, Oktoba 1952. Mimi nilikuwa mtoto. Vijana wa Tetu, Othaya, Mukurwe-ini na Mathira waliingia Nyandarua na Kirinyaga, na raifali walizokuwa nazo zilikuwa chache, za kuporwa. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa msituni walivamia kituo cha polisi cha Naivasha kwa sababu hiyo hiyo. Wengi walibeba bunduki za kujitengenezea. Bomba la maji likawa mtutu, komeo la mlango likawa kifungio, ukanda wa mpira ukafanya kazi ya springi, na fundi wa mbao akachonga kitako kizuri kama cha dukani. Ndani yake wakatia risasi za raifali za .303.

Unajua sasa kilichotokea ndani ya bomba lile, maana nimekueleza. Risasi ya .303 ni ndefu, imeumbwa kwa michirizi, na bomba halina michirizi wala halijalingana nayo. Moto ulivuja pembeni mwa risasi, risasi ikatoka dhaifu ikipinduka, na bomba lililotengenezwa kubeba maji mara nyingine lilipasuka mikononi mwa aliyelishika. Kwa hiyo walilazimika kuvizia karibu sana, karibu kiasi cha kusikia mazungumzo ya askari waliowangoja. Ninapokumbuka hilo ninawaheshimu kuliko ninavyoweza kusema. Walijua mtutu wao hauwezi, wakaongeza ujasiri pale ambapo chuma kilipungua. Wewe hulazimiki. Hakuna anayekuwinda, duka liko wazi, fundi yupo. Kwenda na risasi isiyofaa wakati inayofaa ipo rafu moja pembeni ni jambo ambalo wazee wale wasingelielewa.

Na kumbuka cheti mfukoni mwako kina uzito gani katika nchi hii ya Tetu. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wale na mtoto wa hapa kwetu, alipigwa risasi akakamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, na mwezi uliofuata akafikishwa mahakamani Nyeri. Mashtaka yaliyompeleka kwenye kitanzi yalikuwa kumiliki bastola ya .38 na risasi sita bila idhini. Walimnyonga Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Risasi sita, mjukuu wangu. Leo wewe unaingia dukani mchana kweupe, unahesabiwa risasi zako, unaandikiwa, unaagwa kwaheri. Sitaki uichukulie haki hiyo kama pakiti ya sigara.

Kuna mtu mwingine ninayetaka umjue, huyu amezikwa hapa Nyeri, katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro. Ni Jim Corbett, Mwingereza aliyezaliwa India. Alihamia Nyeri mwaka 1947, akaishi Paxtu, ile nyumba ndogo ya hoteli ya Outspan, akafa tarehe 19 Aprili 1955. Wageni hupiga picha kaburi lake kwa sababu ya chui milia na chui wala watu aliowaua huko India. Mimi namkumbuka kwa risasi moja aliyoikosea, na aliieleza mwenyewe bila kuficha katika kitabu chake.

Ilikuwa 1907, huko Champawat, kumsaka chui milia jike aliyehesabiwa kuua watu 436. Corbett alikuwa na raifali yenye risasi tatu tu. Zilipomwishia, mnyama akiwa amejeruhiwa lakini bado hai, alikimbia kwenda kuchukua bunduki ya ofisa wa serikali aliyekuwa naye: bunduki kuukuu ya mtutu laini, iliyotiwa risasi moja nzito. Alirudi akamkuta mnyama juu ya mwamba, umbali wa futi 20 hivi, yaani kama mita sita, kinywa wazi. Hapo ndipo alipoona kwamba kati ya mitutu na kifungio cha bunduki ile pana pengo la karibu sentimita moja. Hakuwa na jingine la kufanya. Akalenga kinywani. Risasi ikampiga mnyama kwenye mguu wa mbele, na haikuzama. Corbett aliing'oa baadaye kwa kucha zake. Kilichomwokoa ni kwamba risasi za raifali zilikuwa zimekwisha kufanya kazi yao na mnyama alikuwa kwenye pumzi ya mwisho.

Mita sita. Ni umbali wa kutoka hapa tulipoketi hadi mlango wa zizi. Na aliyelenga ni mmoja wa watu waliojua kulenga kuliko karibu wote wa zama zake. Mkono ulikuwa sawa, jicho lilikuwa sawa, ila bunduki haikuweza kuisukuma risasi wala kuiongoza. Nikiwa kijana kazini niliwasimulia wenzangu kisa hiki kila tulipopewa silaha tusizozijua, na baadhi yao walinichoka.

Umesema unataka slagi kwa sababu ya nyati na fisi. Nyamaza kwanza nimalize. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Mei 1977, nikiwa kazini, na sheria ya wanyamapori ya 2013 imeendelea hivyo hivyo. Nyati akivuka uzio akaingia kwenye shamba lako la chai, wanaostahili kuitwa ni KWS, shirika la wanyamapori. Kwa nyati, sisi tuliofunzwa tulipewa raifali ya .458, tukaenda wawili au watatu, na bado wapo niliowazika. Slagi ya gramu 28 kutoka mtutu laini mkononi mwa mtu mmoja, jioni, ndani ya mistari ya chai, ni njia ya kumfanya nyati aliyekuwa anapita awe nyati aliyejeruhiwa, naye atamngoja mtoto wa jirani anayekwenda shule kesho asubuhi. Nyandarua imezungushiwa uzio wa umeme wa karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009 baada ya miaka 20 ya kazi. Pakikatika piga simu, paripotiwe parekebishwe. Sheria imeweka fidia pia, shilingi milioni tano kwa mtu aliyeuawa na mnyama. Najua fidia huchelewa, na watu wa huku wanaolalamika wana haki ya kulalamika. Tusukumane na serikali mchana, kwa barua na kwa wawakilishi wetu. Tusitafute suluhisho kwenye pakiti ya katriji.

Kama ni ulinzi wa nyumba, hapo nina wasiwasi mkubwa zaidi. Tazama hapa kwetu Wamagana palivyo sasa. Nilipokuwa kijana kati ya boma na boma palikuwa na shamba zima. Leo shamba limegawiwa wana, nao wamewagawia wana wao, na taa za jirani unaziona kupitia migomba. Nyumba zetu ni mbao na mabati, na za mawe zina madirisha. Slagi haikomei ukutani mwa mbao. Inatoka upande wa pili ikiwa bado na nguvu ya kuua, na ikikosa kabisa inaendelea mamia ya mita kuteremka bondeni, na ng'ambo ya bonde kuna watu wamelala. Marisau ya ndege hupoteza nguvu mapema zaidi, ingawa nayo kwa karibu huua, usijidanganye. Kabla ya kufikiria mbele ya mdomo wa mtutu kuna nani, fikiria nyuma ya huyo kuna nani. Nataka hilo liwe jambo la kwanza akilini mwako hata kabla ya kugusa kifyatulio.

Umbali nao ujue mipaka yake. Hata ukipata slagi inayofaa, mtutu wa baba yako hauna kipimo cha kulengea zaidi ya kile kitone cha shaba mdomoni. Mitutu pacha pia ilipangwa na fundi ili marisau ya kulia na ya kushoto yakutane mahali pamoja. Slagi ina uzito na mwendo tofauti, na mara nyingi ile ya kulia na ile ya kushoto hazitui pamoja. Mita 50 kwa mkono uliozoea ni mbali ya kutosha. Anayekwambia 100 kwa bunduki ya namna hii hajawahi kuipiga kwenye karatasi.

Basi utafanya hivi. Pakiti hii usiichezee, usimpe rafiki, usiiache kabatini. Kila risasi yako ina hesabu kwenye cheti. Irudishe kwa muuzaji na risiti na cheti, uombe ibadilishwe kwa maandishi. Akikataa, nenda kituoni uulize utaratibu wa kuisalimisha, na uikubali hasara. Bunduki ipelekwe kwa fundi kwanza, apime chumba cha kila mtutu, apime mbano wa kila mdomo, atazame kama mitutu bado imekaa imara kwenye kifungio chake. Aandike majibu hayo kwenye karatasi, usiyabebe kichwani. Akisema chumba ni cha 65, hununui katriji ya 70 hata kama duka zima halina nyingine.

Ukishajua, nunua slagi chache za Foster na chache za Brenneke, za nguvu ndogo, zilizoandikwa wazi kwamba ni za mtutu laini. Nenda kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, pamoja na mwalimu wa pale. Piga tatu kwa mtutu wa kulia ukiwa umeegemeza bunduki, mita 25. Badilisha karatasi, piga aina ya pili. Kila karatasi iandike tarehe, aina ya slagi, mtutu na umbali, kisha uniletee zote, hata zilizokuaibisha. Matundu matatu yakitosha ndani ya sentimita 15, tutazungumza habari ya mita 50. Yasipotosha kwa aina zote mbili, bunduki hiyo itabaki ya marisau kama ilivyozaliwa, na slagi hutanunua tena.